Uzamili wa Mama

Mama alirudi shule nikiwa na miaka kumi na minne,
yeye arobaini na mitatu,
magoti yakilia kama bawaba za mlango wa boila.
Miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa vyumba
kwenye hoteli ya Bwana Klotz, huko Tirol,
pale barabara inapokoma na barafu kuanza.
Angeweza kukwambia, kwa kuutazama mto wa kitandani tu,
nani alilala, nani alilia,
nani alipigiwa simu usiku wa manane.
Lakini mkutano wa Jumatatu uliwataka wenye vyeti.
Yeye aliitwa kuleta kahawa.

Basi la posta, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri,
Ijumaa na Jumamosi, miaka miwili na nusu.
Innsbruck kuna chuo, na chuoni watoto wa wenye hoteli
waliotamka "mapato kwa kila chumba" kama wanaosali.
Mama aliandika nyuma ya orodha za dobi.
Jikoni mimi ndiye niliyemsikiliza takwimu
huku akimenya viazi.
"Mkengeuko ni nini?"
"Ni umbali mtu aliosimama kutoka kwa wenzake,"
akasema, akatupa ganda. "Huo naujua."

Bwana Klotz aliuliza, "Na vitanda atatandika nani?"
Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo alivyojua kuuliza.

Tasnifu yake iliwahesabu wasichana
walioondoka msimu ukiwa katikati:
Ildikó, Zuzka, Tünde, na yule aliyesahau viatu.
Kila mmoja akamwekea bei:
siku za kumfundisha mwingine,
mashuka yaliyoungua kwa pasi,
mgeni aliyekuta bafuni unywele wa mgeni mwenzake.
Ukurasa wa themanini na moja, chini kabisa, jumla:
mara nne ya gharama ya kukausha unyevu
wa vyumba vyao vya chini ya ardhi.

Siku ya utetezi Profesa Hörtnagl alivua miwani.
"Na ukarimu wenyewe, Bibi Prantl, unapimwa vipi?"
Mama akamweleza mzee wa chumba ishirini na saba,
aliyekuja kila Februari na mkewe,
na Februari moja akaja peke yake.
"Niliacha mito miwili.
Kuuondoa mmoja kungekuwa kumwambia anachokijua.
Alirudi misimu sita zaidi, usiku saba kila msimu.
Zidisheni."

Ukumbi ukazidisha. Wakampa alama ya juu.
Usiku ule hakula.
"Nimeuuza mto wa yule mzee," aliniambia,
nami sikuwa na la kumjibu,
nikamwongezea chai.

Leo ni meneja mkuu, hoteli ya huko chini kando ya Mto Inn.
Mshahara umepanda kwa zaidi ya theluthi,
magoti ameyatibu.
Cheti hakukitundika, kiko kwenye droo
pamoja na nyuzi na vifungo vilivyodondoshwa na wageni.
Kazi yake ya kwanza: kuwatoa wafanyakazi chini ya ardhi,
kuwapandisha ghorofa ya tatu, madirisha yatazamayo mlima,
vyumba tisa visivyouzwa tena.
Wenye mali walikuja wamefura.
Akawafungulia ukurasa wa themanini na moja.
Walisoma wamesimama. Halafu wakaketi.

Sijui kama shahada ilimpa jambo ambalo hakuwa nalo.
Nadhani ilimpa lugha ya kusema
na watu wasiosikia lugha nyingine.

Krismasi nilikwenda kumtembelea.
Siku ya kwanza, supu, na soksi zilizopashwa moto juu ya radieta.
Siku ya pili aliniacha nilale hadi adhuhuri.
Siku ya tatu, saa moja asubuhi, aligonga mlango
mara tatu, kama mwongozo unavyotaka,
akanikabidhi rundo la mashuka yaliyonyooka:
"Zuzka ana homa. Ndiye, yule yule, alirudi.
Anzia chumba cha nne.
Na pembe uzikunje nyuzi arobaini na tano,
nitakuja kukagua."