Jaruba la Nne

Leo la nne limeiva.
Ndivyo asemavyo Bi Mize, huku Kangagani:
la kwanza maji tu, la pili uchungu,
la tatu hata kaa hatii mguu,
la nne wekundu wa maji ya choya,
na maji yasipoona haya
chumvi haiji.

Saumu wa kakake kaja na hadubini
ya kuazima, kaifunga kangani.
"Tazama, shangazi. Huyu mraba,
bapa kama kigae. Hawa vijiti.
Huyu simjui. Wala huyu.
Ukiwatilia maji ya kisima, wanapasuka."

Bi Mize kafumba jicho moja,
kakaa hivyo mpaka shingo ikamuuma.

Miaka thelathini akikokoa.
"Kumbe mna wenyewe."

Akapandisha kanga magotini,
akashika reki,
akasimama ukingoni.

"Hodi."