Mistari Miwili Myeusi

Radom, saa nane usiku. Kompyuta inahema,
asilimia arobaini na moja,
inaikunja harusi ya Jagna
ienee kwenye kioo kisichozidi kiberiti,
Ireneusz aende nayo Norwei, ndani ya lori.

Programu inauliza: nikate kingo, picha ijae?
Nakata.
Bibi arusi anajaa, keki inajaa,
ila pale pembeni, penye koti la kijivu,
mama mkwe kabaki kiwiko.

Marehemu hana picha nyingine anayocheka.

Haya, naanza upya. Chai imepoa.
Mistari miwili myeusi, juu na chini,
na katikati watu kama punje za mtama.

"Mbona umewafanya sisimizi?" atanipigia kulalamika.

Ahesabu tu.
Wote wamo.