Thelathini Gawa kwa Sita

Swali la nne, Ibra, baada ya magharibi:
maji ya falaji, zamu ya dakika thelathini,
ndugu sita, kama kwetu.
Kila mmoja atapata ngapi?

Tano, nikaandika. Sikufuta hata mara moja.
Mama alikuwa anachagua mchele.
"Na ami yako Suwedi, aliyebaki Wete,
umemtia?"
"Kitabu hakisemi nani hayupo, Mama."

Akacheka. Halafu hakucheka.

Saa nane za usiku tukateremka na kurunzi.
Tano zetu zikaisha upesi.
Akahamisha jiwe, maji yakageukia
mitende ambayo mwenyewe hajaiona,
nasi tukasimama, jicho kwenye saa,
dakika tano nzima.

Mwalimu alinipa alama zote.
Hakuuliza baki.