Mkono wa Tatu

Jiliwa la kwanza lilikuwa la fundi bomba,
zito kama deni la harusi,
midomo yake ingeweza kung'ata goti la punda.
Nikaiweka ndoano yangu namba kumi katikati:
ikapotea humo
kama punje ya uwele kinywani mwa ng'ombe.
"Mama, unataka kubana nini hasa?"
"Nzi," nikasema.
Upande ule wote wa Sabasaba ukacheka.
"Nzi! Dodoma hii, na bado unawatafuta?"

Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi?
Kwamba nzi wangu hajawahi kuwa hai,
kiuno chake ni uzi wa cherehani, wa zambarau,
masalia ya sare za kwaya ya Nkuhungu;
bawa ni unyoya wa kanga,
kanga wa porini, si wa kujitanda;
mkia, nywele tatu za beberu wa jirani
ambaye hajui nimemnyoa.
Kwamba perege wa Hombolo akimwona juu ya maji
husahau yote aliyofunzwa na mamaye.

Miaka sita jiliwa langu lilikuwa Lechipya.
Kiwiko mezani, koleo mkononi, ndoano kwenye koleo,
mimi nazungusha uzi, yeye anasimulia mpira,
na kila goli likiingia
ndoano inaruka.
Nzi wetu wote walizaliwa na kibiongo.
Samaki hawakujali.
Sasa yuko Singida, kwenye kinu cha alizeti,
anashika vitu vinavyolipa.

La pili nililikuta kwenye turubai la mitumba,
kati ya pasi isiyo na waya na mzani wa kupimia watoto.
Linang'aa. Kichwa kinazunguka kama cha bundi:
ukitaka tumbo la nzi, hili hapa; mgongo, huu hapa.
Nililipenda kabla sijaligusa,
na hapo ndipo mtu huibiwa.
Nikatia ndoano, nikaibonyeza kwa kidole gumba.
Ikainama polepole,
kama mjumbe anayesinzia kwenye mkutano wa mtaa.
Elfu tisini.
Nikalirudisha,
kisha nikageuka kulitazama, mara mbili.

Chilongani anachonga funguo.
Kibanda chake ni upana wa mlango mmoja,
na jiliwa analo moja tu la kuuza, dogo, jeusi,
alilounda kwa chuma cha mashine iliyokufa.
Aliniuliza swali ambalo wengine hawakuuliza:
"Meza yako ina unene wa vidole vingapi?"
Viwili na nusu.
"Na mkono upi unatetemeka?"

Nilikuwa sijamwambia.

"Wa kushoto," nikasema, "tangu kipupwe cha mwaka juzi."
Hakutikisa kichwa, hakunipa pole.
Akachukua tupa, akaupunguza mdomo wa chini,
akapuliza unga wa chuma, akabana ndoano,
akaipiga kwa ukucha:
ting.
Nami nikaipiga.
Ting.
Haikuinama, haikuteleza.
Jiliwa lenyewe halizunguki, halina rangi,
ubavuni lina namba ya simu ya mteja aliyelikataa.
Elfu ishirini na tano,
na suruali moja ya kupunguza kiuno.

Usiku nimelifunga ukingoni mwa meza,
chini ya skrubu nimeweka kipande cha kandambili
mbao isiumie, maana hapa pia ndipo tunapolia ugali.
Upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.
Unyoya unataka kurudi porini; naulaza kwa mate.
Mkono wangu unatetemeka, ndiyo,
lakini ndoano haina habari.

Lechipya amepiga simu.
"Linashika?"
"Linashika."
"Kuliko mimi?"
Nikazungusha uzi mara nne kabla ya kujibu,
nikamuuliza bei ya alizeti.

Nzi wa kwanza ametoka mnyoofu,
mgongo kama rula ya shule.
Nimemgeuza huku na huku kwenye taa.
Sijui kama samaki watamtambua.