Kidogo Tu

Bi Effie Geddes wa ghorofa ya pili
alipokwenda kubadilishwa nyonga
aliniachia funguo mbili
na mmea mmoja wa maua ya zambarau
kwenye dirisha linalotazama Mto Tay.
"Kidogo tu," alisema,
akibana kidole gumba na cha shahada
kama anayeonja chumvi.

Mimi nilisikia: usiuache ufe.

Kwa hiyo kila alfajiri, nikitoka zamu ya usiku
kule kwenye dobi la hospitali,
kabla sijavua koti
nilipanda ngazi na kikombe kilichojaa.
Desemba ya Dundee: jua linachungulia saa tatu,
saa tisa na nusu limeshaaga, halikukaa hata kitako.
Nani asiyehitaji kitu cha kunywa?

Wiki ya tatu majani yakalala
kama masikio ya mbuzi mgonjwa.
Nikaongeza kikombe.
Yakageuka rangi ya chai ya maziwa,
yakawa tepetepe pale yanapoungana na shina.
Nikaongeza kingine, nikasema pole.
Hakuna aliyeniambia
kwamba mmea unaozama hulegea
sawasawa na mmea wenye kiu,
na macho hayawezi kutenganisha
kilio na kilio.

Pua ndiyo iliyojua.
Kudra wangu, miaka kumi na minne,
aliyeninyamazia tangu nimhamishe shule,
alinifuata siku moja kuokota barua za Bi Effie,
akasimama mlangoni, akakunja uso:
"Mama, hapa pananuka kitambaa cha deki."
Sentensi ndefu kuliko zote alizonipa mwezi ule.

Nikatandika gazeti mezani, nikakipindua chungu.
Udongo ukatoka mzima, kama keki isiyoiva,
ukichuruzika. Visubi viwili vikaruka.
Kila mzizi niliougusa ulijivua ganda;
ganda likabaki vidoleni, ndani uzi tupu.
Mweusi. Wa kahawia. Mweusi tena.
Maji yalikuwa yamezidi unga zamani
na mimi bado nilikuwa nasonga.

Kibandiko chini ya chungu kilisema
asili yake ni milima ya Usambara.
Nimezaliwa Soni. Sikuwahi kuuona.
Huko, nadhani, unaota kwenye ufa wa jabali
na hakuna anayeupandia na kikombe.

Nikapitisha mkasi kwenye spiriti.
Unakata kilichooza; ukifika kwenye weupe, unasimama.
Sikufika. Nilikata hadi shinani
na shina ndani lilikuwa na rangi ya tende.

Yalisalia majani matatu ya katikati,
magumu, na vinyweleo vyake.
Nikayakata vikonyo kwa mshazari,
nikavipaka mdalasini wa pilau,
nikayachomeka kwenye mchanga na kokoto
ndani ya kikopo cha mtindi, matundu saba
kwa msumari uliopashwa moto.
Nikafunika kwa mfuko wa plastiki. Nikanawa.
Kisha, na hili ndilo lililonishinda nusura,
sikufanya kitu.

Jioni ile nilipika uji wa ulezi
nikaufikisha kwenye mlango wa Kudra.
Mkono ukainuka kugonga, mara ya nne siku hiyo.
Ukashuka.
Nikaurudisha jikoni, nikaunywa mwenyewe.
Sukari ilikuwa nyingi mno.

Februari Bi Effie akarudi na fremu yake ya kutembelea,
akakitazama kikopo kwa muda mrefu.
"Nilikuachia kichaka," alisema, "umenirudishia kachumbari."
Nikaomba radhi. Akacheka mpaka akaishika nyonga mpya.
Kisha akasema ule wa kwanza aliumaliza yeye,
mwaka ambao Dougal wake alikuwa kitandani:
birika zima, kila siku, na hakumbuki hata kulijaza.

Majani mawili yaliyeyuka.
Chini ya lile la tatu kuna vijani,
vidogo kama kucha za mtoto mchanga.
Nachovya kidole hadi fundo la kwanza.
Kinatoka na chembe za mchanga, baridi, zimemng'ang'ania.
Naweka kikombe chini.
Bado.
Labda Alhamisi.