Ndoo ya Tatu

Ndoo ya kwanza ni ya tope.
Ya pili ni ya sabuni.
Ya tatu, maji matupu, ndiyo inayoleta mng'aro,
na hiyo ndiyo wenye magari huilipia,
ingawa mgongo wangu huvunjwa na zile mbili za mwanzo.

Miaka mitano naosha magari Kileleshwa,
nyuma ya ghorofa lenye lango la rimoti.
Alfajiri natoka Kawangware kwa miguu,
gambuti ndani ya mfuko wa nailoni.
Mwosha gari si daktari, wala si padri,
lakini akiinua mkeka wa miguuni
huona mtu amekula nini, ameficha nini,
anadaiwa na nani.

Gari la Bwana Nyabuto lilikuwa jeusi,
jeusi la kiatu cha bwana harusi.
Likiingia, bawabu Ekiru hupiga saluti
mpaka kofia inamdondoka.
Mimi niliujua mshale wa mafuta:
haukuwahi kuinua kichwa.
Alitia ya mia mbili, tena ya mia mbili,
kama mgonjwa anayenyweshwa uji kwa kijiko,
na mteremkoni aliliachia gia huru
lijiendee lenyewe.

Chini ya kiti cha nyuma niliokota
risiti ya hoteli: chai moja, saa tatu mezani;
barua ya shule,
jina la bintiye Kemunto kwa wino mwekundu;
kadi ya mchango wa harusi ya mtu wa kazini,
ameahidi elfu hamsini.
Nikazikunja, nikazirudisha zilipokuwa.
Siri ya mteja ni kama sabuni,
ukiibana sana inaruka.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.
Hawakufika Nairobi.
Hapa usione vyang'aa:
vimekopwa,
na mkopo wenyewe una mkopo mwingine nyuma yake,
na simu inatetemeka juu ya dashibodi
ikiwa imelazwa kifudifudi.
"Ni shemeji tu," aliniambia siku moja.
Sikuwa nimemuuliza.

Deni langu nalo lilikuwa humo. Wiki tisa.
"Mwisho wa mwezi, kamanda."
Sikumkazia. Niseme kwa nini?
Nilipenda kuonekana na gari lile.
Nilipigwa picha nimeegemea mlango wake,
nikamtumia mama kule Kibwezi,
na mama hakuuliza ni la nani.
Aliionyesha kanisani.

Jumanne moja, giza bado,
Nyabuto alishuka ngazi kwa soksi, viatu mkononi,
asije akawaamsha wa ghorofa ya pili.
"Lioshe," akasema. "Wanalifuata saa moja."
Nikadhani sikusikia.
"Madalali. Lioshe vizuri.
Liondoke likiwa safi."

Sijawahi kuosha gari namna ile.
Mswaki wa meno kwenye matundu ya rimu,
pamba masikioni mwa vioo.
Yeye alikunja mikono ya shati, akachukua kitambaa cha pili,
akaifuta boneti duara kwa duara
kama anayempapasa mtoto mgongoni apate usingizi.
Hatukuzungumza. Ila mara moja:
"Unajua sijawahi kuliosha mwenyewe?"
Ndoo ya tatu akaomba aimwage yeye.

Wakaja watu watatu na karatasi.
Mkubwa wao alilizunguka gari mara moja,
akajiona usoni kwenye mlango, akarekebisha tai.
Kisha akatugeukia,
wanaume wawili, suruali zimelowa,
povu mpaka viwikoni.
"Mwenyewe ni nani?"

Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenda mtaroni.
Nyabuto alinitazama.
Nami, Mungu anisamehe,
nikahisi kidole changu
kinataka kujinyooshea.