Mkono wa Kulia

Chupa moja ya maji ya kijani, nyingine ya manjano,
kijiko kwa kijiko, ndani ya kikombe kilichokatika mkono.
Nimefunga mlango wa bafu, nimeziba upenyo kwa taulo,
nimeivisha balbu soksi nyekundu ya Kazimierz
(hajui; akijua atanuna hadi Pasaka).
Napaka karatasi kwa brashi ya kupakia keki siagi,
kwenda, kurudi,
kama fundi anayepiga lipu nyumba ya sisimizi.
Usiku kucha inakauka kabatini, kati ya mashuka.

Hapa Żyrardów jua la Machi ni la kuazima.
Linafika ghorofa ya nne saa tano kasorobo,
linagusa reli ya roshani, linachungulia kopo la vitunguu,
saa saba jengo la mbele limeshakuja kulidai.

Nimeshachapa majani ya kabeji, lesi ya shangazi Pelagia,
unyoya wa njiwa, funguo za nyumba tuliyoihama.
Kila kilichozuia mwanga kilibaki cheupe.
Ndiyo kanuni ya kazi hii: kivuli ndicho cheupe,
palipoangazwa ndipo panapoiva giza.

Leo nimetoa bahasha ya hospitali:
picha ya eksirei, Februari, mwaka themanini na mbili,
siku ile mashine ya kitani ilipomshika Baba.
Karatasi, filamu, kioo, vibanio vinne vya nguo.
Naanika mifupa ya baba yangu roshanini.
Bi Dobrochna, aliyekuwa akipiga zulia lake uani,
anainua uso, anauliza ni samaki gani yule.

Dakika arobaini. Manjano inafifia kuwa kijivu,
kijivu inashika rangi ya sarafu iliyozikwa.
Wingu. Nasubiri. Wingu jingine.
Chai imepoa, sithubutu kuifuata.
Kisha naanua, mbio, hadi kwenye beseni.

Maji yanatoka manjano kama mkojo wa mtoto,
namwaga, natia mengine, yanaanza kutakata,
na mifupa inapanda kutoka chini, buluu,
maana kwenye eksirei mfupa ndio dirisha.
Kidole cha shahada, kizima.
Cha kati, vipande vitatu, chaki iliyokanyagwa.
Na cha pete

kina pete.

Buluu kuliko vyote, nzito, duara bila mwanya.
Pete ambayo tuliambiwa mashine iliimeza.
Tuliambiwa mara moja tu, mezani, supu ikifuka,
na Baba akashika kijiko kwa mkono wa kushoto
kwa miaka ishirini na mitatu iliyobaki.

Nimeipeleka jikoni ikichuruzika sakafuni.
Mama anamenya viazi kwa kisu kilicholika.
Hakuvaa miwani. Hakuhitaji.
"Tuliila hiyo," akasema.
"Machi yote, na nusu ya Aprili.
Wewe ulipata machungwa mawili. Umesahau?"
Nikauliza mbona hawakusema.
Akatumbukiza kiazi majini.
"Ungekula?"

Nimerudi bafuni. Nimetia beseni
matone machache ya dawa ya kusafishia vidonda;
buluu imezama, imekuwa usiku.
Halafu nimeitundika juu ya beseni kwa kibanio kimoja,
soksi ya Kazimierz bado iko kwenye balbu:
mkono wa kulia wa Baba,
tone, kisha kimya kirefu,
kisha tone.